Ile Diski Iliyokuwa Ikipiga Kelele

Nyumbani, Jumapili, saa tisa alasiri

Chebet wangu,

Wewe na mama yako mko kwa mama yangu sasa hivi, na najua Kogo, nyanya yako, hatakuachilia uende Eldoret kesho bila kukutemea mate ya baraka kifuani, mchungaji apende asipende. Mmeniachia ng'ombe, mvua na nyumba tupu. Hii ndiyo nafasi niliyoitafuta kwa miaka miwili, na sasa nimeipata, kalamu inanikataa. Nimechana karatasi kwenye daftari la kiwandani, kwa hivyo usishangae ukiona alama za grisi pembeni.

Kwanza nikwambie: nimefurahi! Ijumaa nilimtangazia kila mtu kiwandani, hata dereva wa lori la majani ya chai ambaye alikuwa amekuja kutafuta maji ya rejeta tu. "Msichana wangu anaenda kusomea kompyuta." Akasema, "Vizuri, mzee, maji ni wapi?" Nikamwambia tena. Mama yako anasema nimekuwa mtu wa kuchosha. Na aseme.

Mambo ya blanketi, ndoo yenye kifuniko, sabuni, kanisa na wavulana amekwisha kukueleza, tena mara mbili mbili, nilimsikia. Mimi hayo siyagusi. Mimi nataka tuzungumze habari ya kelele, kwa sababu kelele ndizo kazi yangu, na kwa kelele ndiko nilikokukosea.

Unajua nilivyo na majivuno ya masikio. Mama yako anasema mashine za kukata majani zimeniziba, kwamba akiniita kula sisikii mpaka aite mara tatu. Kweli, maneno ya watu yananipita. Lakini beringi ikianza kufa, hata kama iko mwisho wa kiwanda, mimi naijua. Nachukua bisibisi ndefu, ncha naiweka kwenye mashine, mpini naubana kwenye sikio, nafumba macho, na mashine inaniambia yote. Kwa miaka ishirini na zaidi maneja wamekuja na kuondoka, na kila mmoja amejifunza kusema, "Mwite fundi asikilize." Mtu akiambiwa hivyo miaka mingi, kichwa kinavimba. Changu kilivimba sana.

Sasa kumbuka siku kompyuta ilipokuja. Tulikuwa tumepata bonasi nzuri ya majani, na badala ya kununua ng'ombe wa pili nikasema tukufungulie ofisi ya kupiga chapa pale sokoni Chepilat, chumba kile nyuma ya duka la dawa za ng'ombe. Watu walidhani nimerukwa na akili. Tulitoka nayo Kericho nyuma ya pikapu ya jirani, wewe umekaa juu ya gunia, umeikumbatia skrini miguuni, na ulikataa katakata mtu akusaidie. Kila pikapu ilipoingia shimo ulipiga kelele, "Polepole!" Mimi mbele nilicheka mpaka dereva akaniuliza nimekunywa nini.

Tukaifungua, tukaipanga juu ya meza niliyokutengenezea kwa mbao za masanduku ya chai, ukabonyeza. Mlango ulijaa watu. Na ile kitu ikaanza: krrr, krrr, tiki-tiki, krrr. Ukatia ile CD iliyokuja nayo, ikavuma kama posho mill imeanzishwa bila mahindi. Meza nzima ikatetemeka, kikombe cha kalamu kikaanguka. Mzee mmoja pale mlangoni akasema, "Lo! Hii imekuja ikiwa mgonjwa." Watu wakacheka.

Wewe hukusikia aibu yoyote. Ulisoma kile kitabu chake usiku kucha, asubuhi ukaniambia, "Baba, kitabu kinasema diski ikifanya kazi inatoa sauti kidogo. Ni kawaida." Nami nikakujibu nini? "Kitabu hakina masikio." Ulicheka ukadhani natania. Mimi sikuwa natania hata kidogo. Fundi mzima, anayeitwa akasikilize mashine za watu, halafu mashine ya kwake inakohoa mbele ya soko zima! Jambo hilo lilinikaa kooni miezi miwili na zaidi.

Halafu ikaja ile Jumapili. Nilisema nabaki nyumbani kuangalia ndama. Hakukuwa na ndama mgonjwa, Chebet. Nilipoona mmepotelea kwenye kona ya barabara ya kanisa, nilichukua ufunguo wa pili wa ofisi, mfuko wangu wa vyombo na kikopo cha grisi, nikapanda baiskeli.

Pale kiwandani mashine mpya haiwashwi hivi hivi. Ikitoka kwenye kreti tunaifungua, tunaipangusa, tunaipaka grisi yetu, ndipo tunaiwasha. Ndivyo tulivyofundishwa, na mimi nimewafundisha wengine. Kwa hivyo nilijiambia, wale watu wa Kericho wameiuza kavu. Niliondoa kasha la bati. Nikaweka bisibisi sikioni, nikaiwasha, nikasikiliza. Sauti ilitoka kwenye kile kijisanduku kizito cha chuma, ile diski inayoweka kazi zote. Nikaizima, nikaitoa. Juu yake palikuwa na karatasi yenye maandishi mekundu, na skrubu za nyota ambazo sijawahi kuziona. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini wameweka skrubu za ajabu namna ile. Mimi nilichonga ncha ya bisibisi kwa tupa mpaka ikaingia.

Ndani palikuwa pazuri! Hata sasa nikikumbuka naona raha, Mungu anisamehe. Sahani inayong'aa, nikajiona sura yangu yote pamoja na ndevu ambazo sikuwa nimenyoa. Na kijimkono chembamba juu yake. Nikachovya kidole kwenye grisi, nikapaka pale katikati, kidogo tu, kwa adabu. Nikafunika, nikakaza, karatasi niliyokuwa nimeichana nikaibandika kwa uji wa unga. Nikawasha.

Chebet, ilinyamaza! Ilizunguka kimya kabisa, picha zikaja kwenye skrini, nami nikapiga makofi peke yangu mle ndani. Nikaizima, nikaendesha baiskeli hadi nyumbani nikiimba. Mlipotoka kanisani mlinikuta nimewapikia chai, na mama yako akaniuliza nimefanya nini kibaya. Unakumbuka? Alisema kwa mzaha.

Jumatatu uliiwasha, ikasema tik, tik, tik, kisha skrini ikabaki nyeusi na mstari mmoja wa maneno meupe. Ulikimbia kuanzia soko mpaka getini kwetu kiwandani. Ulikuwa huna viatu, sijui viliishia wapi. "Baba, nimeiua," ulisema. "Jumamosi nilitia disketi ya mteja bila kuiangalia. Ilikuwa na virusi. Nimeiua, Baba."

Hapo ndipo nilipaswa kufungua mdomo. Njia ilikuwa wazi, na hakukuwa na mtu mwingine pale ila askari wa geti. Nikafungua mdomo kweli, na kilichotoka ni hiki: "Sasa ulikuwa unatia disketi za watu kwa nini?"

Nimeyaandika maneno hayo kama nilivyoyasema. Nimeinuka, nimetoka nje kuangalia mvua, nimerudi. Bado yapo.

Unajua kilichopotea, wewe kuliko mimi. Rejista yote ya kikundi cha maziwa, miezi miwili ya kazi yako, majina ya wanachama, ng'ombe wa kila mtu, kila kitu ulichokitoa kwenye madaftari ya wazee yenye mwandiko wa kuku. Mkutano ulikuwa Jumamosi ile. Ulisimama mbele ya watu, kitambaa chako cha buluu kichwani, ukasema bila kutetemeka, "Ni mimi. Niliingiza disketi mbaya. Nitaandika yote upya na sitawaomba chochote." Na yule mweka hazina wao, unamkumbuka, akasema, "Tuliwaambia. Mashine si kitu ya kupatia wasichana."

Mimi nilikuwa benchi ya tatu. Nilikuwa nimevaa koti langu la harusi. Mama yako alinisukuma kwa kiwiko, akaninong'oneza, "Haya, sema kitu, mtetee mtoto." Nikaangalia kofia yangu.

Mpaka siku hiyo nilikuwa na kijisababu changu nilichokificha moyoni. Nilijiambia, huenda kweli ni virusi, huenda grisi haikuwa na ubaya. Kijisababu hicho kilikufa wiki iliyofuata. Odhiambo, karani wetu wa ofisi, yule aliyetoka Kisumu na anajua kompyuta kidogo, ndiye aliyekuja kututilia diski nyingine. Alipoitoa ile ya zamani aliona karatasi yangu ya uji. Akaniangalia. Wewe ulikuwa unamshikia tochi na hukuona kitu. Akaitia mfukoni akasema, "Hii nitaenda kuiangalia." Kesho yake aliniita nyuma ya karakana, akaifungua mbele yangu.

"Fundi," akasema, "hii ni kidole ya nani?"

Palikuwa na alama ya kidole gumba kwenye ile sahani, safi, kila mstari unauona, na kovu langu la spana katikati. Kuanzia hapo kulikuwa na mkwaruzo wa duara kuzunguka sahani yote.

"Hii kitu haifunguliwi," Odhiambo akaniambia. "Ule mkono unapita juu ya sahani bila kuigusa. Vumbi moja tu inaimaliza. Sasa wewe umeweka kidole na grisi! Jameni! Na virusi haikwaruzi chuma, fundi. Hiyo virusi ni ya kumsingizia msichana wa watu."

Hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu. Akanirudishia diski, na tangu siku hiyo, kila mwisho wa mwezi tukienda kuchukua mishahara, ananiuliza swali moja: "Umemwambia?" Namjibu, bado. Miaka miwili.

Wewe ulimaliza rejista upya kwa mkono, kwenye daftari, kwa sababu hukutaka kugusa kompyuta. Ulirudi kuchuma majani na mama yako. Nilikuona kwa mbali na kikapu mgongoni, unachuma haraka haraka, huimbi. Wewe ambaye ulikuwa unaimba hata ukipiga mswaki. Miezi mitatu diski mpya ilikaa pale Chepilat chini ya kitambaa, nami kila jioni nilipita, nikapangusa vumbi, nikaja nyumbani bila neno. Mtu anaweza kujua hasa cha kufanya, akakifanya kila kitu kingine isipokuwa hicho. Nilikujengea rafu. Nilipaka chumba rangi. Nilinunua balbu mpya!

Halafu nikakuomba uje uniandikie barua ya kiwanda, unakumbuka? Hakukuwa na barua yoyote. Nilitaka uketi tu. Ulipoiwasha, nayo ikaanza: krrr, krrr, tiki-tiki. Ukaruka nyuma ukaangusha kiti. "Baba, inalia tena! Hata hii inakufa!" Na machozi.

Nadhani siku hiyo nilisikiliza kwa mara ya kwanza maishani. Kwanza sikushika chombo chochote. Niliweka mikono mfukoni makusudi, nikaibana huko. Nikakwambia, "Hebu tuketi tuisikie." Tukaketi. Ukapiga herufi moja, ikanyamaza. Ukahifadhi barua, ikasema krrr. Ukafungua barua, tiki-tiki. Baada ya nusu saa wewe ndiye uliyesema, "Baba, inalia tu nikiipa kazi. Si ugonjwa. Inafanya kazi." Halafu ukaweka kiganja mezani, ukanyanyua macho ukaniangalia, na uso wako ukafunguka. "Ni meza! Sauti ni ya meza!"

Meza yangu! Zile mbao nyembamba za masanduku ya chai nilizojivunia! Zilikuwa zinapokea kila mtikisiko wa diski na kuuongeza mara kumi. Tukakunja gunia tukaliweka chini ya kasha, na nusu ya kelele ikaisha hapo hapo. Ukachukua bisibisi yangu, ukaibana sikioni kama mimi, macho umefumba, ulimi nje kidogo. Ukakuta skrubu mbili za kushikilia diski zimelegea. Tukakata washa, vile vipete vya mpira vya kuwekwa chini ya skrubu, kutoka kwa tyubu ya baiskeli yangu, ya gurudumu la nyuma, na nikarudi nyumbani kwa miguu siku hiyo nikiisukuma, nimefurahi kupita mtu mwenye gari. Na sehemu ya CD uliigundua peke yako, mimi sikuwepo. Karatasi ya jina iliyobandikwa juu ya CD ilikuwa imekaa upande, kwa hivyo ikizunguka kasi inayumba. Ukaibandua, ukaja mbio kiwandani kuniambia. Safari hiyo ulikuwa na viatu.

Ukaimba njiani ukirudi. Askari wa geti alisikia, muulize.

Na sasa angalia! Wale walimu wa chuo walipokuita na kukuuliza, "Kompyuta mpya inapiga kelele, utaanzia wapi?" wewe ukawaambia, "Kwanza nitanyamaza." Ulipotusimulia jambo hilo mezani, mama yako alicheka mpaka akamwaga maziwa. Mimi nilitoka nje. Ulidhani nimeenda kufunga ng'ombe. Nilienda kulia nyuma ya choo, mzee mzima, kwa furaha na kwa aibu, sijui ipi ilikuwa kubwa. Kwa sababu uliendelea kusema, "Niliwaambia pia kwamba niliua diski moja kwa uzembe wangu, na sitarudia tena." Umekwenda mpaka Eldoret ukajishtaki kwa kosa langu, Chebet. Na wakakupenda kwa ukweli wako.

Utasikia kelele nyingi huko uendako. Nyingine ni kazi tu inafanyika, usiziogope. Kitu cha kuogopa ni ile iliyonyamaza ghafla, ukajipigia makofi. Hilo nalijua kwa kuwa nimeishi ndani yake miaka miwili, nimekaa kimya vizuri kabisa, kila mtu ananisifu kwa kukusomesha, na ndani tik, tik, tik.

Ijumaa Odhiambo hakungoja mwisho wa mwezi. Alikuja mpaka kwenye mashine, akaniita sikioni juu ya kelele zote: "Fundi! Anaenda Jumatatu!"

Nilikuwa nimepanga hivi: nitaificha barua hii chini kabisa ya sanduku lako, katikati ya sweta, uikute ukiwa mbali, hasira ipoe kabla hujarudi Desemba. Nilishafungua na sanduku. Nikaona nguo ulivyozikunja, na juu yake kile kikopo cha washa za tyubu, umekiandikia kwa kalamu "DAWA YA BABA." Nikalifunga tena. Mtu hawezi kuiba mara mbili kwenye nyumba moja.

Kwa hivyo nitakupa mkononi. Na diski yenyewe hii hapa, nimeifunga kwenye kitambaa changu cha kanisani. Uende nayo. Ukiifungua utaona kidole, utaona kovu, na mtu yeyote huko chuoni akikuuliza ni nani aliyeiua, utakuwa na kitu cha kumwonyesha. Mkutano wa kikundi cha maziwa ni Jumamosi hii. Nitavaa lile koti. Yule mweka hazina bado yuko, namshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu nataka aketi mahali nitakapomwona nikisema ni nani asiyepaswa kupatiwa mashine.

Ukikasirika, kasirika. Usinihurumie kwa kuwa unaondoka. Nisemee hapa hapa, kwa sauti kubwa, unajua masikio yangu.

Nilitaka kungoja asubuhi, chai ikiwa mezani, mama yako yupo. Lakini mvua imekatika, na nasikia lango. Naijua ile bawaba, mimi ndiye niliyeitia mafuta. Mama yako anacheka, na wewe unaimba.

Sitangoja asubuhi.

Baba yako,
aliyeifungua ile diski